Muonja Chumvi wa Ramadhani

Harufu ya mchuzi wa pweza ilinifikia barazani baada ya alasiri, ikanirudisha utotoni, jikoni kwa bibi. Ilikuwa Ramadhani, na nyumba nzima mimi tu, kwa udogo wangu, sikuwa nikifunga. Dada zangu wakiniita kobe, jina la wanaokula mchana. Bibi yeye akiniita kwa kazi.

"Njoo unionjee chumvi, mwanangu. Sie tumefunga."

Nikaonja kwenye upawa wa kifuu. "Bado, bibi."

Akatia kidogo kwa ncha za vidole. Sasa ikakolea.

"Ulimi huu ndio kadhi wa jiko langu," akawaambia dada zangu. "Mcheke tu, magharibi mtakula hukumu yake."

Mwaka huu nimekuwa kobe tena, kwa ruhusa ya daktari, maana figo zimekufa na damu yangu husafishwa kwa mashine. Kwamba ulimi nao hufifia niliambiwa, nikadhani wanasema ndimi za wengine. Basi leo nikaingia jikoni bila kuitwa, nikaonja.

"Bado," nikamwambia mke wangu.

Akaongeza.

"Bado."

Akanitazama, akaupokea upawa taratibu, akamwita binti yetu mdogo. "Njoo unionjee, mama. Baba yako kachoka."

Mtoto akaonja, akakunja uso, akakimbilia maji.