Krimu Itafichua Alichoandika Mdogo Wangu Ukutani

Admin, naomba ulifiche jina langu. Nina miaka themanini na moja, mwalimu mstaafu, naishi Newala. Moyo umechoka, na daktari hakunificha. Naandika mwenyewe, polepole.

Anayeniuguza ni binti wa marehemu mdogo wangu. Tumwite Mama Salma. Ananiogesha, ananilisha uji, na wiki hii ameleta fundi apake rangi chumba ninacholala. Fundi amepaka vipande viwili ukutani nichague: krimu, na bluu iliyokolea kama iliyopo sasa.

"Bluu," nikasema upesi.

"Baba Mkubwa, utalalaje kwenye giza hili? Chumba kama stoo ya korosho!"

Fundi akacheka. "Mama Salma, bluu napiga juu kwa juu, nusu siku tu. Krimu lazima nikwangue mpaka kwenye plasta."

"Basi kwangua. Mzee wangu namtaka kwenye mwanga."

Mdogo wangu alifia chumba hiki. Kwa desturi yetu ya zamani, mikorosho yake ingekuja kwetu ndugu wa tumbo moja, si kwa mtoto. Yeye hakutaka hivyo. Akaandika kwenye plasta kwa msumari, maana karatasi huliwa na mchwa: mikorosho yangu yote ya Mnyambe ni ya binti yangu. Akaweka na jina lake. Akaniomba nimsomee binti akikua. Binti huyo, Mama Salma wa leo, alikuwa na miaka minne.

Arobaini ilipopita, nilinunua bluu nzito nikapaka mara tatu. Mikorosho ile imesomesha wanangu walioko Masasi, na sasa wanasubiri niwaandikishie. Mwenye nayo analima vibarua Makote. Akirudi na vumbi miguuni, najifanya nimelala.

Nikisema, wanangu watanikana. Yeye akijua, nani atanigeuza kitandani? Nikinyamaza, nakwenda mbele ya Mungu na haki ya yatima mkononi.

Nilitegemea angeng'ang'ania krimu, ukuta useme badala yangu. Lakini jana alipokuwa ananifunika shuka, aliniambia, "Haya, Baba Mkubwa, usinune. Bluu basi. Wewe ndiye mwenye chumba."

Fundi anarudi keshokutwa. Nishaurini ninyi mnaosoma humu, nifanye nini? Na kama ni kusema, nianze na neno gani?