Harish Nje ya Lango

Tangu wafike Uingereza, Harish alikuwa akisema kwamba kabla hajafa ataziona bustani za Ireland. Aliyasema hayo akipanga magazeti asubuhi katika duka lao la Hounslow, aliyasema akiwauzia sigara na peremende wafanyakazi wa uwanja wa ndege, na mkewe Kalpana akayazoea kama alivyozizoea ndege zenyewe zinazonguruma juu ya paa. Nyuma ya kaunta alikuwa amebandika picha aliyoikata gazetini: nyumba kubwa ya mawe, ngazi pana, na maua ya kila rangi yakiteremka hadi ziwani. Mteja akiuliza ni wapi, Harish alijibu kwamba ni Ireland, na kwamba mwaka ujao atakwenda.

Mwaka ujao ulikuwa haufiki. Duka halikufungwa hata Diwali. Kalpana, mzaliwa wa Kisumu, hakujua hamu ile ilitoka wapi. Alichojua ni kwamba mumewe alikulia Kericho, baba yake akiwa na duka kando ya mashamba ya chai, na kwamba huko aliishi mama mmoja wa Kiairishi, mke wa meneja, aliyekuwa na bustani ambayo watu walisema ameiga ile ya kwao. Akimdadisi zaidi, Harish alianza kuzungumzia bei ya maziwa.

Mwaka 2003 waliuza duka, kwa sababu Harish alikuwa ameanza kusahau. Mwanzo yalikuwa majina ya wateja, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka hekaluni. Daktari alipoutaja ugonjwa wenyewe, binti yao Komal alilia garini. Kalpana hakulia. Juma lililofuata alikwenda kwa wakala wa safari, akachukua nafasi mbili katika basi la watalii wanaozuru bustani za kale na bustani za watu binafsi mashambani mwa Ireland.

Komal alimpinga, kwa Kiingereza kama kawaida yake, ingawa mama alimsemesha Kigujarati chake cha Kisumu chenye Kiswahili ndani. Alisema baba atachanganyikiwa mahali pageni, na kwamba mama anafanya hivyo kwa kujifurahisha mwenyewe.

"Baba yako amengoja maisha yake yote," Kalpana alimwambia. "Akingoja tena, hatajua hata anachongojea."

Walisafiri Juni. Bustani ya kwanza ilikuwa ya serikali, pana kama mji, yenye mabwawa na miti mizee iliyoegemezwa kwa nguzo. Harish alitembea polepole, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, akitabasamu. Hakugusa hata jani. Kalpana alimnunulia chai na keki, akampangusa midomo, na kwa saa chache akaamini kwamba amefanya jambo la maana kuliko yote katika ndoa yao.

Kesho yake basi liliwapeleka Wicklow, kwenye nyumba ya mtu binafsi ambayo hufunguliwa kwa wageni siku chache tu kwa mwaka. Barabara ilikuwa nyembamba, pande zote ua mrefu wa miti iliyokatwa ikawa kama ukuta. Mwenye nyumba, mama mwenye mvi na viatu vya matope, alikuwa amesimama langoni na mbwa wake wawili. Akampa kila mgeni mkono. Wenzao wakaingia.

Harish alisimama. Kalpana alimvuta kwa upole, akakataa. Ndipo alipoinama sikioni mwa mkewe, akamwambia kwa Kiswahili, si kile cha kuchekea walichozoea nyumbani, bali Kiswahili laini cha mtoto:

"Peris, turudi. Memsaab ametuona."

Kalpana alilifahamu jina hilo. Peris alikuwa yaya aliyemlea Harish utotoni. Alimwambia, "Baba Komal, ni mimi. Tumekaribishwa. Tumelipia." Harish hakumsikia. Mwenye nyumba alipoona wamebaki nyuma, aliwajia akitabasamu, mbwa nyuma yake, mikono ameinyoosha. Harish akapiga magoti pale kwenye kokoto. Akaomba msamaha. Akasema hakuchuma, alishika tu. Akasema wasimfukuze Peris. Alirudia hivyo, mzee wa miaka sitini na zaidi, na suruali yake ikalowa. Mwenye nyumba hakuelewa hata neno moja. Alisimama tu, mkono mdomoni, huku Kalpana na dereva wakimwinua.

Walikaa ndani ya basi hadi wenzao waliporudi wakisifia waridi. Siku zilizobaki hawakushuka tena.

Hotelini Kalpana alimpigia simu Champa, dada mkubwa wa Harish aliyekuwa akiishi Wembley, akamweleza yaliyotokea.

"Hakukuambia?" Champa aliuliza.

"Hakuniambia nini, Champaben, dada yangu?"

Ndipo akasimulia. Harish alikuwa mdogo, bado hajaanza shule. Alipenyeza mkono kwenye ua wa michongoma wa Memsaab, yule mke wa meneja, ili ashike ua la waridi, mbwa wakaachiliwa. Peris alimkinga, akang'atwa yeye. Baba yao alitegemea wateja wa mashamba yale. Kesho yake alimpeleka mtoto akapige magoti mbele ya mama yule, na jioni akamfukuza Peris, ili ionekane kuna mtu aliyeadhibiwa. Harish alikaa dirishani siku nyingi akimngojea. Nyumbani jina la Peris halikutajwa tena kwa kulaumu wala kwa kusikitika. Harish alilitaja ukubwani, kwa furaha tu, kama kwamba yaya huyo aliondoka akaolewe.

Kalpana alirudi Hounslow na swali ambalo halikumpa nafasi ya kupumua. Ile "mwaka ujao" ya miaka yote, ilikuwa ni duka kweli, au ni hofu? Harish alitamani kwenda, au alikuwa akiitaja safari ile ili asiende kamwe? Na kama alikuwa ameweza kukificha kidonda chake maisha yote, nani aliyempeleka akakifumua siku ambayo hakuwa tena na akili ya kukifunika? Alijijibu kwamba ni yeye mwenyewe, wala Komal hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Harish hakurudi alivyokuwa. Kiingereza kilimtoka, kisha Kigujarati. Waliposhindwa kumtunza, wakampeleka kwenye nyumba ya wazee karibu na Feltham. Mhudumu mmoja, Armelle, dada wa Bukavu huko Kongo, alimsemesha Kiswahili cha kwao, naye akamjibu, hata akacheka. Kalpana alikaa pembeni na bakuli la kichdi, wali na dengu, lililopoa, akimsikiliza mumewe akicheka na mwanamke mwingine kwa lugha ambayo yeye pia aliijua.

Siku moja Armelle alipotoka, Kalpana alivuta kiti karibu na kitanda, akamshika mkono.

"Ulitaka kwenda?" alimuuliza. "Niambie tu. Ulitaka, au hukutaka?"

Harish alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea mlango. Akamuuliza kama ametoka mbali, na kama kwao mvua imenyesha.

Kalpana akamjibu kwamba imenyesha.