Nimemsomea Naye Amekubali

Laiti siku ile ningemjibu Karani Mkuu, "Hapana, bwana, siandiki kabla sijamsomea." Niliandika kwamba nimesoma, tena nikaandika kwa mkono mzuri kuliko siku zote. Lakini ili vijana mnielewe, nianze na siku yangu ya kwanza kazini.

Niliingia ofisi ya hati pale Tanga katika miaka ya hamsini, nimetoka sekondari, nina shati moja jeupe. Karani Mkuu alikuwa Mbondei mrefu, havui tai hata wakati wa joto la kaskazi. Hakuniuliza nimefaulu nini. Alinipa karatasi na kalamu. "Andika jina lako."

Nikaandika. Akaiinua karatasi usawa wa jicho.

"Hapa umevimba tumbo," akasema, "na hapa umesimama kama nguzo ya simu. Lala kidogo, kijana." Makarani wote wakaangua kicheko.

Miezi mitatu nilichora vijiti na vitanzi tu. Mwandiko ule wa mlazo, wa herufi zinazolalia upande, una kanuni yake: kalamu ikipanda, gusa tu, mstari uwe mwembamba kama unywele, ikishuka, kandamiza, nibu, ile ncha ya chuma, ifunguke, mstari unenepe. Mkono huongozwa na kiwiko, vidole hushikilia tu. Mistari ya kuongoza hupigwa kwa penseli, na wino ukikauka hufutwa kwa kipande cha mkate. Ukurasa ukikamilika, herufi zote zimeinama pamoja kama safu ya waumini kwenye rukuu. Nilipoona kwa mara ya kwanza ukurasa wa Karani Mkuu mwenyewe, niliogopa kuushika.

Tuliutumia kwa vyeti vya shule, kadi za mialiko na hati za mashamba. Leo wajukuu zangu wanaupata kwenye kompyuta na kuuweka kwenye kadi za harusi. Bado ni mzuri, na bado naupenda. Ila wao wakikosea wanafuta. Sisi tone moja la wino lilitosha kuturudisha mwanzo.

Nilipelekwa Muheza mwaka mmoja, chini ya Karani wa Wilaya aliyeninoa kwenye herufi kubwa, kisha nikarudishwa Tanga kuwa mwandishi wa nakala safi. Hapa nikiri jambo la kazi yetu. Mwandishi wa nakala safi hasomi. Macho yake yamo kwenye vitanzi na nafasi. Anaweza kunakili kurasa nne asijue zinahusu nini. Ndiyo maana palikuwa na sheria: mtu asiyejua Kiingereza, karani amsomee hati kwa Kiswahili kabla hajaweka dole gumba, kisha aandike chini yake, "Nimemsomea naye amekubali."

Asubuhi moja akaja mama yangu mkubwa, Bi Mwanaidi, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Alikuwa na shamba la minazi Moa. Alikubaliana na mfanyabiashara mmoja aangue nazi zake miaka mitatu, kisha amrudishie shamba. Mfanyabiashara alileta rasimu ya Kiingereza, nami nikainakili.

"Umeshamsomea?" Karani Mkuu akauliza akiwa mlangoni.

"Bado, bwana."

"Shahidi wa kutia sahihi hati anawahi treni. Andika umemsomea, utamsomea nyumbani. Si mama yako huyu?"

Mama mkubwa akacheka. "Mie anisomee nini tena? Tazama maandishi yalivyopendeza! Mwanangu hawezi kuniandikia baya."

Nikaandika. Akaweka dole. Jioni tulikula pamoja, tukazungumza habari za ndugu, na hati sikuitaja.

Miaka mitatu ilipotimia, mfanyabiashara alikataa kutoka. Tukaenda barazani, nikatakiwa kuitafsiri hati. Ndipo niliposoma mwandiko wangu kwa mara ya kwanza. Shamba na miti yake vilikuwa vya yule bwana milele. Neno hilo la milele, kwa Kiingereza, lilianza na herufi f, ngumu kuliko zote kwa kuwa hupanda juu na kushuka chini kwa pumzi moja. Ile ilikuwa f nzuri kuliko zote nilizopata kuandika. Niliikumbuka hata siku niliyoiandika nilivyojisifu moyoni.

Nikasema kweli: sikumsomea, tulikuwa na haraka.

Mkuu wa baraza akaiinua hati kwenye mwanga, akaitazama ile sentensi yangu ya chini. "Mkono wa haraka hutetemeka," akasema. "Huu umetulia kama wa mtu anayesali. Unamtetea mama yako, kijana, na hilo ni jema, lakini usilidanganye baraza."

Mama mkubwa akanigeukia. "Kumbe hata wewe mwenyewe hukuisoma?"

"Sikuisoma, mama."

"Haya." Akajifunga kanga yake, akatoka peke yake.

Tangu siku ile mpaka nastaafu sikuandika sentensi ile kabla ya kusoma, hata treni zikiondoka. Karani Mkuu alinuna mwanzoni, baadaye akawafundisha wengine hivyo hivyo. Mwandiko siulaumu, ulifanya kila nilichouamuru.

Mama mkubwa alihamia kwa binti yake Pongwe. Nilikuwa nikienda kumwamkia, naye aliitikia shikamoo yangu kwa jina la kazi: "Marahaba, karani." Sentensi ile ilimpotezea shamba lake, na mimi ikanipotezea mama. Alizikwa bila kuniita tena mwanangu.