Kuifuata Bilauri ya Maharusi Kampala

Kwetu Mombasa, bibi harusi hanywi sharubati ya harusi yake ila kwa bilauri moja tu, ya Kimarekani, iliyofika Unguja zamani pamoja na majora ya merikani. Ilipulizwa kwa mdomo, kisha fundi akaichora ndege ubavuni. Harusi ya mwisho ilikuwa ya binti wa shangazi, Kampala, na bilauri ikabaki huko. Desturi yetu, upande wenye harusi huifuata wenyewe. Haikabidhiwi mtu baki. Harusi ya dada yangu Salma ilikuwa imebakiza wiki mbili. Wajomba wote wakakumbuka maradhi yao, maana Uganda ya wanajeshi haikuwa ya kwenda kutembea. Nikabaki mimi.

Jumatatu nilipanda gari moshi na kilo nne za sukari, maana Kampala ilikuwa imeadimika.

Jumatano mchana nilifika Old Kampala. Maduka mengi ya Wahindi yalikuwa yamefungwa, na mengine yalikuwa na wenyewe wapya wasiojua bei ya kitu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sukari! Kale, haya, karibu. Na wewe pia karibu, mwanangu."

Alhamisi, saa nane mchana, nilishuka kwa miguu kwenda stesheni, bilauri nimeipakata ndani ya kanga. Askari wa kizuizi cha barabarani akanisimamisha.

"Wewe, nabeba nini?"

"Bilauri, afande. Ya harusi ya dada yangu."

"Fungua."

Aliiinua juani, yule ndege akang'aa. Askari akatabasamu, nami nikanyoosha mkono kuipokea.

"Muzuri sana! Mimi pia naoa mwezi hii. Hii itaenda kwa bibi yangu."

Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka. Akaigeuza, na kidole gumba chake kikakwama chini ya kitako, penye kovu la kukwaruza.

"Aa! Iko navunjika hapa. Wewe nataka bibi anicheke? Chukua kitu yako, enda!"

Nilikwenda mbio, furaha na huzuni zikinigombania. Bilauri ninayo, lakini mbovu! Mpaka Nairobi nilikuwa nimeshamlaumu shangazi. Kufika Voi nilijilaumu mwenyewe, na hotuba ya kuomba radhi nilikuwa nimeihifadhi yote.

Jumamosi nilimpa mama bilauri, nikaanza hotuba. Aliigeuza, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hapo ndipo fundi alipoikata kutoka kwenye chuma alichoishikia ikiwa bado moto. Ya kupulizwa lazima iwe na kovu. Ungeniletea laini, kesho ungerudi Kampala!"

Siku ya harusi Salma alikunywa yote, hakusaza tone. Nililia mbele ya wakwe, wala sikuona haya. Nimejifunza jambo moja: siku tatu nilikipakata kitu hicho kama mtoto mchanga, na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote kilivyozaliwa.