Baridi ya Marangu Ndani ya Chumba cha Kariakoo

Jamani, acheni nijiumbue mwenyewe, maana nasikia huko Buguruni kisa hiki kinasimuliwa kwa chumvi nyingi, na mimi naona hata bila chumvi kinatosha: ni mimi niliyemfikisha baba mkwe barabarani akiwa na singlendi, mchana kweupe, Kariakoo nzima ikitazama.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa na kila mtu ana jamaa yake anayetoka Dubai. Nami, muuza vitenge, nikaona bila kiyoyozi cha mtumba maisha hayaendi. Wazazi wa Rose, mchumba wangu, walikuwa wanashuka kutoka Marangu kuja kuona binti yao ataishi wapi kabla ya kuikubali posa yangu, na nikajiambia, watu wa mlimani hawa, joto la Dar litaninyima mke.

Sasa kiyoyozi kinakula umeme, na mimi ni Mchaga, shilingi hainiponyoki (msicheke). Fundi akasema baridi inatorokea kwenye yale matundu ya hewa ya kizamani juu ya madirisha. Basi mtaalamu mimi nikayaziba yote kwa simenti, nikapigilia madirisha misumari, nikazungushia mlango unaotazama barabara sponji la godoro mpaka ukawa haufungiki bila kusukumwa na bega. Mwenye nyumba wangu, Mzee Jayanti, aliyezaliwa ghorofa ya juu ya nyumba ile ile, akanitazama nikikoroga simenti.

"Kijana, baba yangu hakuacha matundu hayo kwa kukosa simenti."

Nikamwitikia kwa adabu huku namcheka moyoni. Mzee wa watu, angejua nini kuhusu kubana umeme?

Wageni wakafika, baba na koti lake la suti, mama na kilemba. Shikamoo, marahaba, mlango nikaufunga kwa bega, kiyoyozi kikanguruma. Baba akavuta pumzi akasema, "Hii ni Marangu kabisa." Moyoni nikaanza kupanga ukumbi wa harusi.

Soda hazijafika nusu, umeme ukakatika.

Hapo ndipo heshima ilipotuponza, kwa sababu mgeni anayejiheshimu hasemi kwa watu kwamba anaona joto, na mwenyeji anayetaka mke hakubali kwamba chumba chake kimegeuka tanuri, kwa hiyo tukaendelea kuongea habari za mvua na kahawa huku jasho linatiririka mpaka kwenye soda. "Hamjambo lakini?" nikauliza. "Hatujambo kabisa," akajibu baba, akivua koti. Baadaye kidogo akasema tena hajambo, akavua shati. Mama akafungua kilemba akaanza kujipepea nacho, mimi nikatazama ukutani, maana mkwe hatazamwi hivyo.

Nikaenda kufungua mlango. Nikavuta, mkono wa kitasa ukabaki mkononi mwangu.

"Baba," nikasema, "mlango umekataa."

"Piga kelele, mwanangu," akasema mama, na hapo heshima ikaisha, tukagonga wote watatu. Mzee Jayanti akasikia, akaita wapagazi wanne waliokuwa wanapita na magunia, wakauvuta mlango ukatoka na fremu yake, na baba mkwe aliyekuwa ameuegemea akatoka nao. Watu wakapiga makofi. Mpagazi mmoja akauliza kama kuna mwingine.

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba akanywa maji, akavaa shati taratibu, akanitazama.

"Binti tunakupa," akasema. "Ila si ndani ya chungu hiki. Toboa matundu, nitakuja kuyaona."

Nikashinda siku mbili na tindo, mikono imetoka malengelenge, Mzee Jayanti akinishikia ngazi. Baba akarudi kweli, akapanda kwenye stuli akaingiza mkono kwenye tundu moja moja, ndipo posa ikapita.

Kiyoyozi leo kinabeba vyungu vya maua vya Rose, na sitaziba tundu la hewa tena maishani, hata la panya. Lakini baba mkwe hajapona. Mpaka leo akija kutusalimia anakataa kochi, anaomba kiti cha karibu na mlango, na anakaa mguu mmoja ukiwa nje.