Kwanza Kipimo, Kisha Pembe

Kaka yangu Nemesio Ovelar alikuwa fundi wa mitumbwi, na hapa Puerto Guavirá hakuna mtu aliyewahi kupanda mtumbwi wake akashuka na kiatu kimelowa. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi wakimtaja hawataji mitumbwi. Wanataja mchana mmoja tu wa sikukuu ya Mtakatifu Blas, kana kwamba mtu aliyeishi mpaka nywele zikamwisha kichwani aliishi mchana mmoja.

Tulizaliwa wawili, yeye mkubwa. Mama yetu alipakia machungwa melini, kikapu kichwani, akipanda ubao wa gati huku anaimba. Nemesio hakurithi wimbo wala maneno. Ukimsalimia aliinua kidevu, basi. Mkewe Rosalba alikufa kwa homa ya uzazi, sisi wanawake tukimfunika majani mabichi na kumwombea, na homa ikipanda tu. Tangu siku hiyo kaka yangu aliogopa joto la mwili kama wengine wanavyoogopa nyoka. Mtoto akikohoa tu, kiganja chake kiko kwenye paji la uso.

Mtoto huyo ndiye Zunilda. Nilimlea mimi, simdai mtu shukrani. Aliogelea kabla hajajua kutamka jina lake vizuri. Alipofika miaka kumi na minane hakukuwa na msichana, wala wavulana wengi, wa kumfuata katika mto Paraguay.

Sasa, kila Februari, siku ya Mtakatifu Blas, mji wetu una shindano la kuogelea masafa marefu, kutoka Rincón kuteremka na mto hadi gatini. Kila mwogeleaji ana mtumbwi wake, mpiga kasia mmoja na mwalimu mmoja, wanamsindikiza na kumpa kinywaji kwa kikapu cha wavu kilichofungwa kwenye mwanzi. Sharti ni moja: hagusi mtumbwi wala mtu hamgusi. Akiguswa, ametoka. Na shindano huanza adhuhuri, jua la utosi, kwa kuwa asubuhi ni ya misa na ya kumtembeza Mtakatifu mtoni.

Februari kwetu maji ya mto ni mchuzi uliotoka kuepuliwa. Lakini watu wa hapa wanaamini aliye majini hawezi kuungua. Mwendesha ng'ombe akianguka juani, kila mtu anajua ni jua. Mwogeleaji akizimia, wanasema ni tumbo, amekula tikiti maji. Daktari Galeano, aliyekuwa daktari wa klabu ya waogeleaji, alipiga kelele mpaka akachoka: mwili unaofanya kazi ni jiko, na jiko likizungukwa na maji ya moto halina pa kupumulia. Watu wakamjibu, "Ndiyo, daktari," wakaenda zao. Aliyemsikiliza ni Nemesio peke yake. Daktari akampa kipimajoto cha zebaki, akamwambia, "Awekwe chini ya ulimi, afunge mdomo. Kikipita thelathini na tisa na nusu, mtoe. Usimuulize, mtoe."

Nemesio ndiye aliyekuwa mwalimu wa Zunilda, na walifanya mazoezi mchana, wakati mji mzima umelala. Mpiga kasia alikuwa Canuto Insfrán, jirani yetu, mdomo usio na mlango. Nemesio alikifunga kipimo kwa uzi kwenye mwanzi, anamsogezea Zunilda, naye anaelea kwa miguu huku amekifumbata mdomoni kama biri. Canuto alimwambia, "Binti, ukimaliza kuvuta nipe na mimi kidogo." Kipimo kikirudi, Nemesio anakisoma, ndipo anampa tereré: pembe ya ng'ombe iliyojaa majani ya chai ya kwetu, maji ya barafu juu yake, na mrija.

Siku moja Zunilda alinyakua pembe kwanza, akanyonya mpaka mrija ukakoroma, ndipo akaweka kipimo. Kikasoma thelathini na saba. Nemesio akatazama uso wa mwanawe, mwekundu kama pilipili, hakuamini. Yalikuwa mazoezi tu, akanyoosha mkono akamshika paji la uso: tanuri la kuokea mkate wa chipa. Barafu ilikuwa imepoza mdomo tu, mwili ulikuwa unaungua. Tangu siku hiyo akaweka kanuni, na Canuto akawa anaikariri kama katekisimu kila wakisukuma mtumbwi: "Kwanza kipimo, kisha pembe. Amina."

Mwaka wake wa kwanza katika shindano, Zunilda alikuwa anaongoza wanawake wote walipofika kwenye kona ya mierebi. Kipimo kikatoka kimepita pale daktari aliposema. Nemesio hakuuliza. Akainama, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta mtumbwini. Zunilda alimpiga baba yake ngumi kifuani mbele ya mitumbwi mingine, akilia, "Niko mzima! Nitazame, niko mzima!" Na kweli kufikia jioni alikuwa mzima, amekaa jikoni kwangu anakula mbeju, chapati ya muhogo, na kuvuta kamasi.

Hapo ndipo mji ukaanza kazi yake. Laiti wangemtukana yakaisha. Wao walicheka. Zunilda alipopita sokoni wauza mboga waliitana, "Njoo uone, Zunilda wa Kipimo! Leo umeiva, au turudi kesho?" Mwingine anamjibu mwenzake, "Muulize babake, yeye ndiye mpishi." Nemesio naye akiingia kilabuni kununua misumari, kwa kuwa dukani na kilabuni palikuwa pamoja, watu wazima na ndevu zao walitoa ulimi: "Nipime, Nemesio, nahisi homa ya kiu!" Alinunua misumari yake akatoka. Mwaka mzima hivyo. Mtu asiyesema huonekana hasikii. Mimi nilikuwa namwona usiku anavyopiga randa ubao ambao tayari ulikuwa laini.

Mwaka wa pili ulipokaribia, nilivaa gauni langu la misa nikaenda kwa Don Hermógenes Cabañas, mwenyekiti wa kamati. Nikamwambia shindano lianze alfajiri.

"Bi Fidelina," akasema, "asubuhi ni ya Mtakatifu. Unataka angoje foleni nyuma ya waogeleaji?"

"Mtakatifu hatoki jasho," nikamjibu. "Aende mchana yeye."

Alicheka sana, akanipa kiti, akanipa na maji. Saa ya kuanza hakuibadilisha. Yeye ndiye aliyekuwa na banda la bia gatini, na bia haiuzwi alfajiri. Nilimwambia hilo pia, nikiwa nimesimama. Maji yake sikuyanywa.

Yaliyotokea mtoni nimeyapata kwa Canuto, ambaye anapenda mzaha lakini hana akili ya kutunga uongo.

Waliondoka Rincón vizuri. Mara ya kwanza kusimama, Zunilda alichukua kipimo, kikawa salama, akanywa, akaendelea. Mara ya pili kipimo kilikuwa kimepanda, bado hakijafika. Nemesio alianza kutafuna mdomo. Walipofika mierebi, pale pale pa mwaka jana, Zunilda alisimama akapumua kama mbwa aliyefukuza sungura. Alikuwa anaongoza tena.

Nemesio akanyoosha mwanzi wenye kipimo. Zunilda akageuza uso.

"Kwanza kiu, baba," akasema. "Kisha hicho chako."

Canuto akasema, kwa mzaha wake, "Ehe! Padri, wamebadilisha katekisimu."

Nemesio hakucheka. Mwanzi wa kipimo ulikuwa mkono mmoja, pembe mkono mwingine. Akamimina maji ya kwanza yakanywewa na majani, hiyo ni sehemu ya Mtakatifu Tomaso, kila mtu hufanya hivyo. Akamimina ya pili. Akaitazama. Mtumbwi wa nyuma ulikuwa unakaribia, na kutoka ndani yake mtu akapaza sauti, "Vipi, Nemesio, kameiva?"

Akaweka pembe kwenye wavu, akampa.

Zunilda akanywa yote. Akaomba nyingine, akapewa. Ndipo akachukua kipimo. Kikasoma thelathini na saba na kidogo. Canuto anasema Nemesio alikishika juu kuelekea jua kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba.

"Sawa," akasema. "Nenda."

Baada ya kona, mkono wa kushoto wa Zunilda ukaanza kuchelewa. Aliogelea kama mtu anayefuata ukingo wa sahani, anazunguka, anarudi. Uso ulikuwa mkavu na mwekundu, macho yanatazama pasipo na kitu. Canuto akamwita. Zunilda akauliza, "Mbona mto unapanda mlima?"

"Nemesio, mtoe."

"Amepima. Thelathini na saba."

"Huyo hayupo, Nemesio! Anaongea na nani?"

Zunilda alikuwa anamwita mama yake, ambaye hakuwahi kumwona. Nemesio akachukua tena kipimo, kikamponyoka kikaanguka majini, akaanza kukivuta kwa uzi. Canuto akatupa kasia, akapiga kelele, "Mimi sitazami kijiti, natazama mtu!" Na kabla hajamaliza, kichwa cha Zunilda kikazama, kimya, bila kupiga maji. Canuto ndiye aliyeruka. Nemesio akamshika mwanawe kwapani wakampandisha, na gati lilikuwa linaonekana, na bendi ilikuwa inapiga.

Mimi nilikuwa gatini. Nilipomgusa nilirudisha mkono. Daktari Galeano akapiga kelele, "Barafu! Barafu yote!" Barafu ya mji mzima siku ile ilikuwa kwenye mapipa ya bia. Kijana wa bandani akatazama kulia na kushoto, akasema, "Ngojeni kwanza nimuulize Don Hermógenes." Nililisukuma pipa lenyewe kwa bega, chupa zikapasuka, nikabeba barafu kwa gauni langu. Wanawake wengine wakafuata, na wale wauza mboga wakiwemo, nalisema kwa haki. Tulimzika ndani ya barafu pale pale kwenye mbao, mpaka akaanza kutetemeka.

Akaishi. Lakini alipoamka ulimi ulikuwa mzito, na miguu haikukubaliana tena. Anatembea akishika ukuta. Kikombe hukishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Neno lililokuwa linamtoka kama cheche, sasa unaliona usoni mwake muda mrefu kabla halijafika mdomoni. Alikuwa na miaka ishirini.

Mji ukasema ni tikiti maji. Wengine wakasema amelogwa na wa Rincón. Hakuna tena aliyecheka, walituletea kuku, walituletea mayai, na Februari iliyofuata bendi ikapiga adhuhuri ileile.

Nemesio akahamishia karakana yake uani ili amsikie akiita. Alimwogesha, alimfunga viatu, alimchana nywele vibaya mpaka nikamfundisha. Mtu akimuuliza habari ya siku ile, alijibu neno moja lisilobadilika: "Kipimo kilidanganya." Nami nilimtetea. Nilisema popote, kanisani, sokoni, kuwa kaka yangu alisahau kanuni yake mwenyewe kwa kiu ya mwanawe, kwamba kwetu hapa huwezi kumnyima mtu mwenye kiu ukamwambia ngoja. Nililiamini.

Miaka ikapita hivyo. Alipokuwa amezeeka, kifua kimeanza kumkamata, alikuja baba mmoja kutoka kijiji cha juu na binti yake mwenye mabega mapana. Alitaka Nemesio amfundishe. Nemesio akamwambia aondoke.

"Wanasema hakuna anayeujua mto kukuzidi, mzee."

"Kipimo kilidanganya," akasema Nemesio.

Yule akaondoka. Mimi nilikuwa jikoni nasonga unga, mlango wazi. Zunilda alikuwa kibarazani anamenya muhogo, kazi ya asubuhi nzima kwake. Nikamsikia.

"Ha... hakikudanganya, baba."

Nemesio akageuka kumtazama.

"Nilikunywa kwanza. Kwa kusudi. Nilijua kitashuka." Ilimchukua muda kuyasema hayo, na hakuna aliyemsaidia. "Usingenitoa."

Nilisimama na unga mikononi. Nilidhani kaka yangu ataanguka.

"Nilijua," akasema Nemesio.

"Ulisahau kanuni."

"Sikusahau. Nilikuona unageuza uso, nikajua unachotaka. Nikakupa." Akakohoa. "Nilitaka mara moja tu nifike gatini bila kuchekwa."

Nikasikia kisu kinaendelea kwenye muhogo, kinateleza, kinaendelea.

"Na mimi," akasema Zunilda.

Basi. Hawakukumbatiana, hawakulia. Nemesio alikaa mpaka jua lilipomfikia miguuni, kisha akaenda kulala mchana kama kila siku. Tangu hapo nilipoulizwa sikumtetea tena. Nilisema waulizeni wenyewe, na watu hawakuuliza.

Alikufa majira ya baridi, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane ya Juni. Mji mzima ulikuja, mitumbwi yake imefungwa gatini yote. Don Hermógenes, mzee sasa, anashikwa mkono na wajukuu, alitaka kusema neno kaburini. Alisema Nemesio Ovelar alikuwa baba mwema aliyesalitiwa na chombo kibovu, na kwamba lawama isimguse mtu yeyote wa mji huu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wameingojea sentensi hiyo muda mrefu.

Zunilda akanishika bega, akajiinua. Alisimama peke yake, anayumba, na nikaona neno limefika usoni mwake. Watu walimtazama kwa huruma, na padri akamtazama, akangoja kidogo. Midomo yake ikafunguka. Nilimwambia, "Sema, mwanangu, sema." Lakini neno lilikuwa bado njiani, na mmoja wa waliokuwa mbele alidhani anamlilia baba yake tu, akaanzisha wimbo, na wote wakaupokea kwa sauti kubwa.