Maoni Kutoka Kiti cha Saluni

Jumamosi niliingia kwa mara ya kwanza kwenye saluni moja ya mtaa wa Komarock. Msusi alikuwa amempa mteja wake simu asome blogu anayoiandika.

"Niambie ukweli, mama. Sitakasirika."

Yule mama, nusu ya kichwa ikiwa bado haijasukwa, alisoma polepole.

"Unaandika vizuri, msichana wangu. Nimecheka. Lakini huyu mteja aliyelia hapa kwa sababu ya bwana yake, nimemjua."

"Sijamtaja jina."

"Umetaja pengo lake la meno na kwaya anayoimba. Badilisha hapo kabla hajaisoma."

Vidole vya msusi vilisimama ndani ya nywele. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walitazamana, kila mmoja akijaribu kukumbuka alisema nini mara ya mwisho alipokalia kile kiti.

"Niliwatumia wateja wengine wote kwenye simu jana," msusi akasema kwa sauti ndogo. "Naona yeye ameisoma. Hajajibu."

Kuomba maoni ni jambo zuri, ila yaombwe kabla ya kuchapisha.

Zamu yangu ilipofika, msusi aliniuliza ninafanya kazi gani. Nilimwambia nauza viatu, ingawa sijawahi kuuza hata ndala.